Nafasi Kuzunguka Kopo

Jumatatu, 2 Juni
Bado niko kwenye ukuta wa shule. Vumbi la kiangazi linanata kwenye rangi kabla haijakauka. Nachora alama ya kampuni ya shaba, na mwongozo wao umefunguliwa juu ya ndoo. Kitabu kizima kwa ajili ya alama moja. Rangi gani, herufi gani, isiinamishwe, isivutwe. Ukurasa ninaoupenda: kuzunguka alama iachwe nafasi wazi, kitu kingine kisiingie humo. Nimeusoma mara nyingi kuliko kazi inavyohitaji. Watu hawa wanajua kuheshimu kitu.

Jioni nikapita kwa Mama Ntumba, mwenzangu wa sokoni. Uzio wa kampuni hiyohiyo umefika nyuma ya jiko lake. Akimwaga maji ya vyombo, yanagonga waya. Alama ina nafasi, mama huyu hana.

Jumatano, 4 Juni
Hasira imezaa kazi. Chama chetu cha wamama wauza unga sokoni kinatimiza miaka kumi mwezi huu, na hatujawahi kuwa na alama. Mimi ni fundi wa mabango, lakini mwanachama pia, tangu marehemu mama aniachie meza yake. Nimechora kopo la kupimia unga, limejaa mpaka kilima juu. Nyekundu ya tofali. Kisha nikaandika mwongozo wetu, kurasa nne tu. Nafasi kuzunguka kopo: upana wa kopo lenyewe. Kisiingie kitu.

Mama Ntumba ndiye mwenyekiti. Alicheka. Halafu akaomba aone tena.

Jumamosi, 7 Juni
Bwana wa mawasiliano wa kampuni alikuja mkutanoni. Watatupa vitenge vya sherehe bure. Sharti: alama yao kubwa katikati, kopo letu chini kwenye pindo. Mama Georgette, jirani yangu wa meza, alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Nilisimama. Nikamwuliza bwana yule kama mwongozo wao unaruhusu alama ya mwingine kuingia kwenye nafasi yao. Akajibu hapana, ndiyo maana kopo liende chini. Hakuona aibu hata kidogo.

Mama Georgette akanigeukia.

"We unapenda kopo yako kuliko sisi. Mi kila mwaka navaa kilamba ya zamani, kitenge ileile. Acha batuvalishe."

Nimemkasirikia, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ana sababu.

Jumanne, 10 Juni
Kura. Kila mmoja alitia punje ya mahindi kwenye moja ya makopo mawili: la kukubali au la kukataa. Kabla ya hapo bwana wa kampuni alikuwa ametuma mtu na kitenge cha mfano. Kizuri, lazima niseme. Kizito, rangi imeingia vizuri. Wamama walikishika mmoja baada ya mwingine, na nikaona tumekwisha.

Mama Ntumba alikishika wa mwisho. Hakupandisha sauti.

"Balishafika mpaka ku jiko yangu. Sasa banataka kufika mpaka ku mugongo?"

Tulikataa, lakini kwa shida. Kila mtu atavaa alicho nacho, na vitambaa vya kichwa tutachapa wenyewe. Mama Georgette aliondoka bila kuaga. Meza zetu zinagusana, na kesho asubuhi tutauza unga bega kwa bega.

Alhamisi, 12 Juni
Aibu. Nilichapa kopo katikati kabisa ya kitambaa, limezungukwa na nafasi yake, kama mwongozo unavyotaka. Mama Ntumba akajifunga. Mkunjo ukameza kopo. Wa pili akajifunga, lake likatokea kisogoni, kichwa chini, unga wote umemwagika. Wakacheka mpaka wateja wakaja kutazama.

Mwongozo wa kampuni unajua karatasi, kuta na magari. Haujui kichwa cha mwanamke. Sawa, hao wana sababu. Mimi je, ninayejifunga kitambaa kila asubuhi? Mjinga mkubwa.

Nimeongeza ukurasa wa tano: kopo likae pembeni mwa kitambaa, pale panapoangukia paji la uso. Niliuchora nikimtazama Mama Ntumba akijifunga, polepole, akinisimanga muda wote.

Jumapili, 22 Juni
Sherehe imepita. Vitenge vya kila rangi, vingine vimepauka. Vichwani makopo mekundu.

Mama Georgette alikuja wakati bukari, ugali wetu, imeshapakuliwa, na kitenge chake cha zamani, kimepigwa pasi. Nilimpa kitambaa. Alijifunga harakaharaka, na mkunjo ukakata kopo nusu. Akajitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa hapo. Akafungua. Akajifunga upya, akisukuma mkunjo nyuma kwa kidole gumba, kidogo, tena kidogo, mpaka kopo likabaki peke yake kwenye paji la uso.

Kisha akaenda kunawa mikono, akakaa na wenzake.