Somo la Kitanda, na Furaha Mgongoni

Mweso, Ijumaa, 1954. Mvua tangu asubuhi. Nepi zimetanda jiko zima na hakuna hata moja iliyokauka.

Nimechoka hadi kukasirika nashindwa.

Furaha bado ananitesa. Mama yake alifariki akimzaa, na mama mdogo wake akamleta kutoka Kashuga, hapa kwenye nyumba yetu ya watoto yatima. Hataki kunywa. Nikimlaza kitandani kungoja saa ya maziwa, kama nilivyofundishwa, anageuza uso. Nikimbeba mgongoni kidogo, akishuka anakunywa.

Nadharia ya kitabu chetu cha malezi siipuuzi. Tangu tuanze kuchemsha maziwa ya wafugaji, watoto hawaharishi tena. Hapo kitabu kilisema kweli. Lakini kitabu hicho hicho kinasema mtoto anayebebwa ovyo anaharibika, na mimi ndiye ninayewafundisha wasichana wa vijijini hivyo.

Leo nilikuwa ubaoni nikieleza: mtoto akilia, muache kitandani. Wakaanza kucheka. Mmoja akainua mkono.

"Dada, na huyu mwenye iko ku mugongo yako, njo wa nani?"

Nilikuwa nimemsahau! Nilimfunga asubuhi bila kufikiri, kama ninavyofunga kitambaa changu cha kichwa. Na Masera, mtawa mkubwa wetu, alikuwa mlangoni.

"Agnesi, shusha mutoto. Nikikukuta vile tena, utarudia kwenu."

Nilimshusha. Nikaendelea na somo huku akilia nyuma ya ukuta mpaka sauti ikakauka. Niliona aibu, na niliogopa. Nikifukuzwa, nani atamnywesha?

Saa ya maziwa, Masera alishika chupa mwenyewe. Furaha akageuza uso. Masera akajaribu kijiko, akajaribu kumwimbia kwa lugha ya kwao Ulaya. Maziwa yalipoa. Mtoto alikuwa mwepesi mno mikononi mwake, na nadhani hapo ndipo alipoujua uzito wake.

Akanipa mtoto bila kunitazama.

"Mubebe. Lakini ku somo, sema vile kitabu inasema."

Nikamfunga mgongoni.

Basi kesho nitasimama tena ubaoni, Furaha mgongoni, niwakataze wasichana kubeba watoto. Watacheka mpaka machozi.

Wacheke tu. Jioni hii amemaliza chupa.