Mkono Uliotoka Nje ya Kioo

Itigi, 12 Juni 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kukaa kimya tangu Pasaka. Barua zako nimezipata, na mimi ni mzima, uchovu tu. Mwanangu Shukuru ameacha kukohoa? Bado anakataa uji?

Sikuandika kwa sababu ya aibu. Unajua wauguzi wachache tunafundishwa upasuaji, maana daktari ni mmoja na wajawazito wa kupasuliwa ni wengi. Sasa amekuja mwalimu wetu, Dk. Fabiano, na kamera ya video. Haipigi sura, inapiga mikono tu, tukishona tumbo la ng'ombe la buchani. Halafu tunakaa mbele ya televisheni, anasimamisha picha, analinganisha na mikono yake. Yake inacheza padogo, kama inachambua mchele kwenye sahani. Wangu wa kulia, kila nikivuta uzi, unaruka mpaka unatoka nje ya kioo. Kioo kinabaki kitupu, halafu mkono unarudi.

"Uzi ukivutwa hivyo unachana nyama," akasema.

Sura hazionekani, lakini mwenzangu Lea akapiga kelele: "Huyo si Redempta? Mshona magunia!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Daktari akaniuliza nani alinifundisha kushona. Nikasema masista wa shuleni. Mama, nilikukana hivi hivi, na mikono yako ndiyo ile kwenye kioo.

Atatupiga picha tena Agosti. Nikishindwa, narudi wodini moja kwa moja. Tafadhali usimlete Shukuru kwa sasa.

Mwanao,
Redempta


Shelui, 30 Juni 1994

Redempta mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kikohozi kimeisha, uji anakunywa akidanganywa kwa karanga. Kila mwanamke anayepita anamwita mama, hata yule wa mgahawani.

Masista! Masista gani hao walikaa na wewe juani, malori yamepanga foleni, wenye alizeti wanapiga makelele? Haya, nimesikia. Nilikasirika nikashona ovyo mpaka mwenye mzigo akaniuliza kama naumwa.

Sasa nisikilize. Mimi navuta hivyo kwa sababu ni kamba ya katani, na gunia halisikii maumivu. Ya daktari siyajui, sikufundishi. Ila nakumbuka Shukuru akinyonya mapajani mwako huku unanisaidia kushona. Mkono hukuurusha. Ulivuta kidogo kidogo, kiwiko kimebana ubavuni, ukiogopa sindano isimguse. Yule ulimwogopea. Hao unaowashona huko ni watoto wa nani?

Mama yako


Itigi, 4 Novemba 1994

Mama,

Shikamoo. Safari hii pia nimechelewa, na swali lako ndilo lililonichelewesha. Nikishika kalamu nalisoma tena, naiweka. Mgongo unaendeleaje?

Nilikunja shuka, nikaifunga kifuani kwa kanga kama mtoto, nikawa najifunza kushona hivyo. Lea akawa ananisalimia, "Mama Shuka, mtoto kalala?" Namjibu, "Kalala, punguza sauti."

Agosti nikapigwa picha bila shuka kifuani. Mkono haukutoka kwenye kioo. Dk. Fabiano akarudisha mkanda, akatazama tena. "Na kushona huku umefundishwa na nani?"

"Na mama yangu. Hata kushona kule kwa kwanza ni yeye. Anashona magunia Shelui. Masista niliwasingizia."

Wenzangu wakacheka. Daktari hakucheka, akasema tu Jumatatu nianze chumba cha upasuaji. Nikatoka nje nikalia. Nimefaulu, mama, na aibu bado ipo. Sijui kama nataka iondoke upesi.

Juzi nimemshona mke wa mrina asali mmoja. Kiwiko ubavuni, taratibu, kama vile Shukuru yupo pale. Mtoto wake analia vizuri.

Nimepewa chumba changu. Dereva Filipo atapita hapo na lori akija huku. Ninavyohitaji bado ni hivi:

Sweta la bluu la Shukuru.
Sufuria ndogo ya uji.
Karanga za kumdanganyia.
Mbeleko, maana kanga yangu imezoea shuka.
Shukuru mwenyewe.
Na wewe, hata kwa wiki moja tu, Lea aione mikono niliyoikana.

Mwanao,
Redempta