Mlima wa Babu Ndani ya Tangi la Samaki

Mpendwa Shangazi Lois, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu mimi si mtu wa kusema mbele ya watu na hata barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, naishi Voi na nyanya yangu, na sebuleni tuna tangi la samaki ambalo babu yangu Thadeus alipanda mimea ya majini ndani yake na kujenga mlima Kasigau kwa mawe, na asubuhi jua likipita kwenye majani unaona kabisa kama umesimama Rukanga, kijiji kilicho chini ya mlima huo, alikozaliwa. Nilipokuwa mdogo alinishikisha ndimu, tunakaa uani na beseni la mawe, anakamulia tone moja juu ya kila jiwe, anainama kulisikiliza, mengine anayatupa na mengine anasema, "Hili linaingia," nami nilidhani anayabariki.

Babu alifariki Agosti, tukamzika Rukanga, na siku hiyo niliokota mawe meupe mazuri sana karibu na kaburi nikayaongeza kwenye mlima wake ili awe karibu nasi, na sasa majani yanageuka manjano, kioo kimeshika ukoko mweupe, na samaki wawili wamekufa. Binamu yangu Vincent, anayesoma kemia chuoni, alipima maji akakuta yameharibika, akaniambia, "Shanice, hili si kaburi, ni maji. Jumamosi natoa mawe yote, tuanze upya na changarawe tupu." Sikumjibu. Nyanya hukaa hapo na chai yake kila siku baada ya chakula, anaonyesha mlima kwa kijiko na kusema, "Thadeus alichunga mbuzi upande huu." Nikiyatoa mawe naona kama namzika babu mara ya pili, nikiyaacha kila kitu kinakufa. Nifanye nini?

Shanice, Voi

Shanice, pole kwa kumpoteza babu. Lakini binti yangu, ulishika ndimu miaka yote hiyo na hukuuliza hata siku moja ni ya kazi gani? Babu yako hakuwa akibariki mawe. Jiwe lenye chokaa likiguswa na ndimu hutoa povu dogo linalochemka, na hilo ndilo alilokuwa akilisikiliza. Jiwe kama hilo likikaa majini huachia chokaa polepole, maji yanakuwa magumu, na mimea iliyozoea maji laini inadhoofika. Alipima kwanza, kisha akachagua kwa jicho. Ndiyo maana mlima wake ulidumu.

Kwa hiyo Vincent amesema kweli kuhusu maji, na amekosea kuhusu mlima. Mweleze nyanya kwanza, kisha leo hii toa yale meupe, uyakaushe, uyajaribu. Yakitoa povu, yarudishe kaburini. Huko hayamdhuru mtu, na hapo humziki babu upya, unamrudishia vyake. Mawe aliyoyapanga mwenyewe usiyaguse. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku tatu, ukichanganya na ya mvua, wala usiyamwage yote kwa mara moja, samaki waliobaki hawatastahimili.

Na kunyamaza ukiwa na jambo la kusema, hilo liache shuleni. Mpigie Vincent simu kabla ya Jumamosi, umwambie aje na kipimo chake, si na ndoo.