Chai Karibu na Msumeno

Atieno mjukuu wangu,

Sasa? Ona, hata mimi nimejua kusalimia kama nyinyi. Hapa Mashimoni tuko salama. Goti la nyanya yako limetulia, na mboga yake ya sukuma kule shambani Silanga imeshika vizuri.

Umeniuliza ununue mashine gani ya kukata mabamba ya nyuzi za kaboni, ya leza au ya kisu kinachozunguka. Hizo sijawahi kuzigusa. Mimi nilikata mifupa ya ng'ombe, nikatengeneza vipuli vya masikio.

Mwanzoni nilitumia msumeno wa mkono, nikilowesha mfupa ili vumbi lisiruke. Nilipopata msumeno wa stima, niliacha maji. Kazi ya wiki nikawa naimaliza kwa siku moja, na mtaa mzima ulisikia nikijisifu.

Msichana wa nyumba ya jirani hakunigombeza. Aliniletea chai, akaiweka karibu na msumeno, akaketi.

"Maliza hiyo mfupa kwanza," akasema.

Nilipomaliza, chai ilikuwa imefunikwa na vumbi jeupe.

"Hiyo ndio sisi hukunywa kwetu kila siku. Hata wewe, ni vile hujaona."

Kwa hivyo usiulize kasi peke yake. Uliza vumbi linaenda wapi, na moshi wa leza pia. Beba kikombe cha chai, uwaambie wauzaji wakate mbele yako.

Msichana huyo ndiye nyanya yako. Msumeno niliuuza zamani, lakini hadi leo chai yangu huniletea imefunikwa na kisahani.

Babu yako