Figo ya Mzee Nisiyemjua

Studio ya Picha za Haraka,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi.
Jumapili jioni, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na safari hii nakuomba usinijibu "mzima tu" kama kawaida yako. Niambie hasa. Magoti je? Sukari? Presha umepima lini? Nina sababu ya kuuliza, nitaifikia.

Sisi huku hatujambo, ukiniondoa mimi. Mama watoto yuko salama, bado ananichorea mstari kwenye chupa ya maji ili nisizidishe. Binti yetu amepata kazi kwenye ofisi ya bima, na sasa anazungumza nasi kama wateja.

Mimi naendelea na ile mashine ya kusafisha damu. Kiti changu ni kilekile cha dirishani, dirisha lenyewe linatazama ukuta. Nesi wa zamu yetu tunamwita Mizani, kwa sababu anakupima uzito kabla ya kukusalimu. Kila mmoja wetu huapa kwamba hakunywa kitu ila maji ya kumezea dawa, na kila mmoja amenenepa tangu juzi. Mizani hagombi. Anasoma namba kwa sauti, basi, chumba kizima kinajua ni nani aliyeshindwa na joto la jana.

Sasa jambo lenyewe. Mkono wangu umechoka. Ule mshipa walioutengeneza kwa ajili ya sindano unaziba, wanauzibua, unaziba tena. Wiki iliyopita daktari aliniita ofisini kwake akafunga mlango, nami nikajua hakuna heri, maana mlango ule siku zote huwa wazi. Akasema figo nzuri, ya mtu aliyekufa ghafla angali kijana na afya yake, huenda nikaingoja miaka, na hana hakika kama moyo wangu utaingoja pamoja nami. Lakini wapo wanaofariki wakiwa wamekula chumvi nyingi, wenye miaka sitini na kitu, sabini, presha kidogo, na figo zao bado zinafanya kazi. Hazidumu sana. Nyingine huanza kwa uvivu, nyingine haziamki kabisa. Watu wengi huzikataa, ndiyo maana foleni yake ni fupi. Je, wakinipigia simu kwamba imepatikana ya namna hiyo, nitakubali? Nimpe jibu Alhamisi, maana simu ikishalia hakuna muda wa kuitisha kikao.

Nikaitisha kikao mapema. Binti yetu alisema tungoje nzuri, akatueleza habari za hatari na faida mpaka chai ikapoa, ungedhani tunanunua gari. Mama watoto alikuwa anakunja nguo, hakuinua uso.

"Nilipokuchukua wewe, nani aliniambia huna kasoro?" alisema. "Na bado unafanya kazi."

Nikawauliza na wenzangu wa zamu. Anayekaa kushoto kwangu ni fundi cherehani. Aliwahi kupigiwa simu ya figo ya mzee, akaikataa. Mpaka leo yuko pale kitini, naye ananishauri nikubali. Wa kulia ni dereva mstaafu wa basi. Yeye alikubali, akawekewa, ikafanya kazi, ikafa, akarudi kwenye mashine. Nilidhani huyo ndiye atakayenionya. Nikamuuliza kama anajuta. Alinitazama kama anavyotazamwa abiria anayeuliza basi linakwenda wapi wakati limekwisha kufika.

"Nilikojoa miezi minane, bwana," alisema. "Wewe mara ya mwisho lini?"

Chumba kikacheka, hata Mizani. Mimi pia nilicheka, halafu nikajaribu kukumbuka, nisikumbuke; figo zikifa, mkojo nao hukatika. Nisamehe kukuandikia mambo ya chooni, Shangazi, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwenda huko. Dereva alitusimulia asubuhi ya kwanza, jinsi alivyosimama pale akamwita mkewe aje asikilize. Alisimulia kama mtu aliyewahi kuishi ng'ambo.

Basi Alhamisi nikasaini. Nilitegemea kutoka pale moyo mwepesi. Nikatoka nikiwa mtu anayengoja mzee fulani afe.

Hilo hakuna aliyeniambia. Kazi yangu unaijua: wateja wangu wakubwa ni wazee, wanakuja kupiga picha za kadi za pensheni. Ijumaa alikuja bibi mmoja mwenye shali ya kijani, amejipaka wanja vizuri. Nikamwambia atulie, asitabasamu, atazame hapa. Macho yangu yakateremka yenyewe mpaka kwenye vifundo vya miguu yake, kutazama kama vimevimba. Halafu nikasikia mdomo wangu unamuuliza presha yake ikoje. Akafurahi sana, Shangazi. Akasema siku hizi hakuna anayemuuliza, hata wanawe. Akanieleza yote, vidonge vya asubuhi na vya jioni, na alipoinuka akaniombea maisha marefu. Picha ilitoka imetikisika. Ilibidi nimkimbilie ngazini, nimrudishe akae tena.

Tangu hapo nawapisha wazee njiani, nawabebea mifuko, nawashika mkono kwenye ngazi zangu zilizolegea. Mama watoto anasema maradhi yamenifanya mtu mwema. Nimemwacha aamini. Simu nalala nayo kifuani. Ikilia roho inaruka, na nikiona ni binti yetu anauliza kama nimekula, sijui kama nimesikitika au nimeshukuru. Siwezi kuharakisha, siwezi kuzuia. Hata kuomba nimeshindwa, maana kila dua ninayoianza, nikifika katikati naona inamwangukia mtu.

Najua ukifika hapa umekwisha kuvaa viatu. Kaa chini. Figo yako siitaki. Kwa sukari yako daktari hatakugusa, nilimuuliza kabla hujaniagiza nimuulize. Na hata angekubali, ungenikumbusha kila nikija kukusalimia.

Nisalimie binamu yangu fundi bomba na wanawe, na yule jirani yako wa mlango wa pili; umweleze habari hii wewe mwenyewe, asije akaieneza ikiwa pungufu. Mama watoto anakusalimu sana. Binti anakusalimu, na anauliza kama umekata bima.

Daktari alipokuwa anataja miaka ya hao wazee, aliitaja yako, Shangazi. Ndiyo sababu ya maswali yangu ya pale juu. Mungu akuweke, akuweke sana, na neno hili usilipite haraka kama tunavyozoea kuyapita ya mwisho wa barua. Kunywa dawa kwa wakati, shika ukuta ukishuka ngazi, na unijibu kwamba upo.

Mimi mwanao nikupendaye, ningojaye barua yako kuliko ninavyoingoja simu,

Macho