Nyimbo za Hanan Hazifutwi

Majengo, Nyeri
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa ndugu yangu Usman,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Doha, na kwamba kile kiuno chako kimeacha kukusumbua. Rehana na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwezi wa saba imetubana kweli. Mlima hatujauona kwa siku nyingi, na nguo nikizianua zina unyevu vilevile nilivyozianika.

Utashangaa nakuandikia kwa kalamu na simu ipo. Simu ndiyo imetuharibia. Kwenye kundi la familia kila mtu anarusha neno lake na kukimbia. Wewe mwenyewe uliandika, "Futeni tu hizo nyimbo, yaishe." Basi keti usome mpaka mwisho, maana hayakuisha, na mimi sitaki yaishe hivyo.

Unajua Hanan wangu amekuwa akitunga nyimbo tangu baba yake, Jamal, atutoke. Mwaka huu alirekodi nne kwa rafiki yake Wachuka, mwenye studio ndogo kule Wamagana. Wakaweka mtandaoni vipande vifupi vya kuonjesha, ili mtu akikipenda kimoja autafute wimbo mzima.

Maneno yakaanza. Ati binti wa Jamal anaimba nyimbo za baa. Ati amejianika. Shemeji yangu Sulemani, kaka mkubwa wa marehemu, akaja Jumamosi moja na wazee wawili, wakakaa bila kuvua makoti. Akamwita Hanan.

"Washa hiyo kompyuta ufute hizo vitu, nikiona na macho yangu."

Hanan hakubisha. Aliwasha ile kompyuta ya mezani aliyoachiwa na baba yake, akafungua ukurasa, akashika mausi huku machozi yakimdondoka. Mimi nilikuwa nikiingia na sinia ya chai. Sijui ile sauti yangu ilitoka wapi, lakini niliiweka sinia chini nikasema, "Hanan, toa mkono hapo."

Kisha nikawageukia wageni. "Shemeji, umewahi kuzisikia hizi nyimbo?"

"Nisikie uchafu wa nini?"

"Na nyinyi, wazee wangu?"

Mmoja alitazama dari, mwingine viatu vyake. Hakuna aliyekuwa amesikia hata neno moja.

"Basi tutasikiliza kwanza. Kitu ambacho hamjakisikia hakifutwi nyumbani kwangu."

Sulemani alikubali shingo upande, akaweka sharti: Hanan asiguse tena mashine, asije akafanya ujanja. Nikakaa mimi. Ninachojua kwenye kompyuta ni kuandika oda za wateja wangu wa cherehani, basi. Nikabonyeza alama ya kuchezesha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikagoma.

"Hata mashine imekataa," Sulemani akasema, akicheka.

"Mtandao ni hafifu, Mama," Hanan akasema kutoka mlango wa jikoni. "Funga hizo kurasa zingine zote, ufungue hiyo moja upya."

Nikafanya hivyo. Safari hii kistari cha wimbo kikaanza kutembea na sekunde zikahesabika, lakini kimya kama maji mtungini. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Taa ya spika inawaka vizuri. Nikakusanya buibui langu nikaingia chini ya meza, nikafuata waya wa spika kwa vidole mpaka nyuma ya kompyuta. Uko kwenye tundu la kijani, mahali pake. Nikauchomoa, nikauchomeka tena kwa nguvu. Kimya.

Sulemani akasimama. "Tusipotezeane wakati. Hanan, kuja ufute."

"Keti, shemeji," nikamwambia nikiwa huko huko chini ya meza. "Hatujamaliza."

Usman, tangu niolewe sijawahi kumwamuru mtu yule. Aliketi.

Hanan akasema, "Mama, bonyeza ile spika ndogo hapo chini kulia. Imeandikwa sauti inaenda wapi?"

Nikavaa miwani, nikasoma. Kumbe kompyuta ilikuwa ikipeleka sauti kwenye skrini, na ile skrini niliyonunua juzi baada ya ile ya zamani kufa haina spika hata moja! Mwanangu alikuwa akiimbia mahali pasipo na mdomo. Nikachagua jina la spika zetu, nikabonyeza, na sauti yake ikajaa nyumba ghafla, kubwa mpaka vikombe vikatetemeka.

Aliimba: "Kiti chako, Baba, kingali dirishani, jua la asubuhi ndilo hukikalia."

Na Sulemani alikuwa ameketi kwenye kiti hicho hicho.

Mzee mmoja akasema taratibu, "Kumbe ni Jamal analiliwa hapa. Hebu rudisha."

Nikarudisha. Tukavisikiliza vipande vyote vinne. Baa hatukuiona, wala tusi.

Ningependa kukuambia kwamba shemeji alilainika. Alijipangusa macho kwa mkono wa koti, akasema, "Ni nzuri. Lakini msichana wa hii nyumba hawezi kuimbia watu hajui. Ifutwe."

"Hazitafutwa," nikamjibu. "Umesikia, umelia, na bado unataka kuzizika. Jamal tulimzika mara moja, shemeji. Mimi simziki mara ya pili."

Aliondoka bila kugusa chai, na hajakanyaga hapa tena. Wale wazee waliaga vizuri, na mmoja akamwombea Hanan dua pale pale mlangoni.

Naumia, sikufichi. Ni kaka wa mume wangu, na alitusimamia sana kwenye msiba. Lakini sijutii hata chembe.

Jambo jingine. Qamar, yule mama anayeuza mbuzi Nanyuki, amevisikia vile vipande na amemwita Hanan amwimbie bintiye Rowda kwenye harusi, siku ya wanawake peke yao. Nitakwenda naye. Nimeshashona nguo zetu mbili za kitambaa kimoja, na mwenye neno atanikuta nimekaa safu ya mbele kabisa.

Kwako nina ombi moja tu: usituambie tena tufute kabla hujasikia. Hanan atakutumia ukurasa. Sauti ikikosekana, usikate tamaa, tazama imeelekezwa wapi. Ukishasikiliza na bado ukaona ni aibu, niandikie kwa mkono wako kama nilivyokuandikia, nami nitakujibu, ingawa jibu langu unalijua.

Nisalimie sana Rehana na watoto. Hanan anakupa shikamoo, mjomba wake. Mama Wakiuru, uliyekuwa ukimmalizia maandazi, anauliza utakuja lini. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe riziki ya halali na akurudishe nyumbani salama. Utatukuta tukiimba.

Dada yako akupendaye, asiyerudi nyuma,
Mwanasiti