Kristali ya Pampu

Bravin, uko kwa kompyuta? Risper amekufa. Yule mtoto wa hospitali ya Macalder, amekufa!

Unakumbuka pampu ya dripu niliyotengeneza jana? Kristali inayoipa chipu mapigo ya saa iliharibika, nikaweka ya redio mbovu. Kumbe hiyo inapiga mara mbili zaidi.

Dawa ya kutwa nzima iliisha adhuhuri. Adhuhuri, omera!

Nesi Edinah analia, "Lakini skrini ilionyesha iko sawa." Ingekosaje? Skrini inahesabu na kristali hiyo hiyo! Na mimi niliipima na saa yake yenyewe. Yenyewe! Na saa ya mkono nilikuwa nimevaa.

Saa hii mamake Risper amenishika mkono. "Erokamano, asante fundi. Angalau ulitutengenezea mashine."

Nikamjibu karibu. Bravin, nilimjibu karibu.